Harpagon, Kasha Lake na Wanawe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu kundi letu dogo la maigizo lianze mazoezi ya tamthilia ya Molière, mwandishi Mfaransa, kwa Kiswahili hapa Nairobi, maswali yamekuwa yakirudi yale yale. Huulizwa na waigizaji wenyewe, na walimu wanaokuja na wanafunzi wao siku za Jumamosi, na wazazi wanaokaa viti vya nyuma kimya kisha wakabaki mlangoni baada ya mazoezi, mikoba mikononi, wakitaka kujua kama baba wa namna ile anaweza kweli kuwepo. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama mwelekezi wa mchezo. Wenzangu wawili watatu hawakubaliani nami katika baadhi ya majibu, nao wana haki.

Harpagon ni nani?

Ni mhusika mkuu wa L'Avare, yaani Bahili, tamthilia ya nathari yenye matendo matano iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mnamo Septemba 9, 1668, katika ukumbi wa Palais-Royal, Molière mwenyewe akiwa amevaa maleba ya Harpagon. Ni mgane wa miaka sitini, tajiri, anayekopesha watu fedha kwa riba. Ana watoto wawili waliokwisha kuwa watu wazima, Cléante na dada yake Élise, na ana watumishi, farasi na gari la kukokotwa. Mchezo unapoanza amelipwa jana yake ekyu 10,000 za dhahabu, sarafu za Kifaransa za enzi hizo, naye amezitia katika kasha na kulizika bustanini. Jina lake lina asili katika neno la kale lenye maana ya kulabu, na mwigizaji wetu amelichukulia jambo hilo kwa uzito kiasi kwamba vidole vyake havinyooki tangu anapoingia jukwaani hadi anapotoka.

Je, tumwite bahili, mchoyo au mwenye tamaa?

Swali hili lilituchukua mazoezi mawili mazima, na sioni kwamba muda huo ulipotea, kwa sababu Kiswahili kinatenganisha mambo ambayo mchezo huu unayafumbata pamoja. Mwenye tamaa hutaka asichokuwa nacho. Mchoyo hakubali mwingine apate sehemu ya kile alicho nacho, hata kama kimemzidi. Bahili hatumii, hata kwa nafsi yake mwenyewe, na huyu ndiye wazee humwita mkono wa birika. Harpagon ni wote watatu kwa zamu, ila wanaoumia hubadilika kadiri anavyobadilika. Ubahili wake unawaumiza farasi, ambao wamedhoofika kwa njaa hata mpishi, ambaye pia ndiye mwendesha gari, anaona haya kuwafunga kwenye gari. Uchoyo wake unawaumiza watumishi na wageni, kwa maana anapotarajia watu wanane au kumi kwa chakula cha jioni anaagiza kipikwe cha wanane. Lakini watoto wake wanaumizwa hasa na tamaa, kwa kuwa kwao hatosheki na kuwanyima. Anataka pia kuwageuza kuwa njia ya kupata zaidi.

Si ni mzazi anayeweka akiba tu? Wengi wetu tulilelewa hivyo.

Mama mmoja aliuliza hivi kwa sauti ya kukerwa, na ninamwelewa. Nairobi imejengwa na watu waliotembea kwa miguu kutoka Kariobangi hadi mjini ili nauli ya matatu ibaki, walionunua maharagwe kwa gunia na kuyala mwezi mzima, waliochanga kwenye chama kila Jumapili hadi ploti ikapatikana. Mtoto wa nyumba kama hiyo huona uchungu anapovaa sare iliyofumwa upya magotini, lakini anajua fedha zinakwenda wapi. Akiba ile ina jina: ni karo ya dada, ni paa la nyanya, ni mabati ya mwaka ujao.

Akiba ya Harpagon haina jina la mtu yeyote. Hakuna mahali katika matendo yote matano anapotaja kitu anachokusudia kukifanya kwa dhahabu ile. Hata kwa hesabu ya biashara kasha lile halina maana, kwa sababu mtu anayeishi kwa riba amezika mtaji mahali ambapo hauzai hata senti, eti kwa kuwa masanduku ya chuma huwavuta wezi. Huo ni woga, na ndani ya woga huo watoto wake wamekuwa sehemu ya watu wa kuogopwa. Anaposhuku kwamba wamemsikia akilitaja kasha, anaanza papo hapo kuwaambia kwamba yeye ni maskini.

Tamaa hii imeiathiri vipi familia?

Nyumba ya Harpagon haikukosa chakula kiasi ilivyokosa ukweli. Mchezo unafunguka kwa Élise akizungumza na mchumba ambaye baba hamjui kuwa mchumba: Valère aliwahi kumwokoa asizame majini, kisha akajiajiri nyumbani humo kama msimamizi wa shughuli ili awe karibu naye. Ili adumu katika kazi hiyo, Valère amejifunza kukubaliana na kila upuuzi wa mzee, na anaeleza waziwazi kwamba njia ya kumpata mtu ni kujipamba kwa tabia zake na kuzisifu kasoro zake. Kaka mtu naye anampenda Mariane, msichana maskini anayeishi na mama yake mgonjwa, na hathubutu kumwambia baba. Kaka na dada wanaishi chini ya paa moja, na bado onyesho la pili linaanza kwa kila mmoja kutafuta namna ya kumfungulia mwenzake siri yake.

Kisha baba anatangaza mipango yake ya ndoa, na mipango yote mitatu ni ya kibiashara. Cléante ataoa mjane fulani. Élise ataolewa na mzee tajiri aitwaye Anselme, usiku huo huo. Na Mariane, yule yule anayependwa na mwanawe, ataolewa na Harpagon mwenyewe, mradi apatikane na chochote cha kuja nacho. Hajui bado kwamba anashindana na mwanawe. Angejua, sidhani kama ingembabaisha sana.

Waigizaji vijana huniuliza mbona watoto hawasemi tu. Nawajibu kwamba katika nyumba ambamo kila kauli hupimwa kwa fedha, mtoto hujifunza mapema kwamba kusema ukweli ni gharama, naye kama baba yake anakwepa gharama.

Kwa nini mnasema onyesho la mkopo ndilo moyo wa mchezo?

Kwa sababu hapo tamaa inawakutanisha baba na mwana ana kwa ana bila pazia lolote. Cléante anahitaji faranga 15,000 ili atoroke na Mariane, naye anamtumia dalali amtafutie mkopeshaji asiyetaka jina lake lijulikane. Masharti yanasomwa kwa sauti, na ni vizuri mtazamaji ayafuate kwa kalamu. Mkopeshaji anajidai kuwa mwenye huruma, anataka riba ya sehemu moja kwa kumi na nane tu, yaani kama asilimia tano na nusu kwa mwaka. Ila kwa kuwa hana fedha hizo mkononi, inambidi azikope kwa mtu mwingine kwa asilimia 20, na mkopaji ndiye atakayebeba riba hiyo pia. Jumla inapita asilimia 25. Tena, katika zile 15,000, fedha taslimu ni 12,000 pekee. Zilizobaki zitalipwa kwa vyombo vikuukuu, miongoni mwao kitanda, vitambaa vya ukutani, kinanda cha nyuzi kisichokamilika nyuzi zake, na ngozi ya mjusi mkubwa iliyojazwa nyasi kavu, ya kuning'inizwa darini.

Mtazamaji wa Nairobi haelezwi jambo hili mara mbili. Anajua mkopo wa simu unaoingia ukiwa umekatwa ada, kisha ukadaiwa kama uliingia mzima. Anajua pia kwamba, kabla ya Benki Kuu ya Kenya kupewa mamlaka juu ya wakopeshaji wa kidijitali kwa sheria ya 2021 na kanuni za 2022, baadhi yao waliwapigia mama, shemeji na mkubwa wa kazini wa mdaiwa ili kumwaibisha alipe. Familia ndiyo iliyokuwa dhamana.

Katika L'Avare dhamana ni mbaya zaidi. Dalali anamhakikishia Harpagon, ambaye ndiye mkopeshaji yule, kwamba kijana anayekopa ametoka familia tajiri, kwamba mama yake amekwisha kufariki, na kwamba, ikihitajika, yuko tayari kuahidi kwamba baba yake atakufa kabla ya miezi minane. Harpagon anafurahi. Anasema neno kuhusu wajibu wa kuwasaidia wenzetu. Dakika moja baadaye anagundua kwamba mkopaji ni mwanawe, na kwamba kifo alichokubali kuwa dhamana nzuri ni chake. Kila mmoja anamkaripia mwenzake, mmoja kwa kukopa, mwingine kwa kukopesha, na ukisikiliza kwa makini utaona kwamba wote wawili wanasema kweli. Nimewakataza waigizaji kupaza sauti hapo, kwani wakipiga kelele watazamaji hucheka mapema na hesabu ile inawapita.

Watu huku huwaita wakopeshaji "shailoki". Je, si mhusika yule yule?

Hapana. Jina hilo limetoka kwa Shylock wa Shakespeare, katika tamthilia ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina Mabepari wa Venisi. Wanafanana kwa jambo moja lenye uzito: Shylock naye ana binti anayetoroka nyumbani na fedha na vito vya baba. Lakini Shylock ni Myahudi anayetemewa mate na jamii inayomzunguka, na mchezo ule umebeba chuki ya enzi yake kiasi kwamba mimi binafsi silipendi neno hilo mtaani. Harpagon hana kisingizio cha aina hiyo. Hakuna aliyemdhulumu.

Mbona mambo ya mahari yamegeuka kichwa chini?

Hapa ndipo tafsiri ilitutoa jasho. Kwetu mahari hutoka kwa upande wa mume, na baba mwenye binti hupokea. Katika Ufaransa ya karne ya 17, baba alimpeleka binti kwa mumewe pamoja na mali, kwa hiyo kumwoza msichana ilikuwa hasara kwa mfuko wa baba. Harpagon amempenda Anselme kwa sababu moja tu: amekubali kumchukua Élise bila kupewa kitu. Anaposhindana na Valère katika tendo la kwanza, kila hoja anaijibu kwa maneno hayo hayo. Binti atakuwa na huzuni maisha yake yote? Bila kutoa kitu. Tofauti ya umri ni kubwa mno? Bila kutoa kitu. Tungeandika "bila mahari", nusu ya ukumbi ingedhani mzee amefanya ukarimu, kumbe amefanya biashara.

Kwa upande wa Mariane, mshenga Frosine anatumia werevu mwingine. Anamwambia Harpagon kwamba msichana atamletea livre 12,000, yaani faranga 12,000, kila mwaka, kisha anazihesabu: 3,000 ambazo hatazila kwa kuwa amezoea saladi, maziwa, jibini na matunda, 4,000 ambazo hatazivaa, na 5,000 ambazo hatazipoteza kwenye kamari. Ni hesabu ya fedha zisizotumika ikidai kuwa fedha zilizopatikana. Harpagon, kwa mara moja tu katika mchezo mzima, ana akili timamu kuliko wote waliopo jukwaani, anasema hawezi kuandika risiti ya kitu ambacho hakukipokea.

Mama yuko wapi?

Amefariki, na hatuambiwi zaidi ya hapo. Baadhi ya waigizaji walitaka kuweka picha yake ukutani. Nilikataa, na bado tunabishana.

Kwa nini mpishi na watumishi wengine wanahesabiwa katika familia?

Kwa sababu nyumba haina watu wengine wa kuiambia ukweli. Maître Jacques, mpishi na mwendesha gari, ndiye mtu pekee anayempenda Harpagon bila kuhitaji chochote kwake, na anasema hivyo. Bwana anapomtaka aeleze wanayoyasema majirani, anaeleza yote: kwamba amechapisha kalenda zenye siku za mfungo maradufu ili watumishi wasile, kwamba alimshtaki paka wa jirani kwa kula mabaki ya nyama, kwamba alikamatwa usiku akiwaibia farasi wake mwenyewe shayiri. Malipo yake ni kipigo. Tangu hapo Jacques anaapa kuuacha ukweli, na katika tendo la tano ni yeye anayemzulia Valère wizi wa kasha. Mtumishi mwaminifu ametengenezwa kuwa mwongo mbele ya macho yetu, kwa fimbo, na jambo hilo kwangu linaonyesha madhara ya tamaa kwa uwazi kuliko machozi ya Élise.

Je, watoto hawana lawama yoyote?

Wanayo, na mchezo ungekuwa dhaifu wasingekuwa nayo. Cléante ni mcheza kamari anayetumia ushindi wake wote kwa nguo na riboni, na anakopa kwa kutegemea kifo. Mtumishi wake, La Flèche, analiiba kasha, na Cléante analitumia kumshurutisha baba. Mtu anaweza kusema kwamba ni kisasi halali. Mimi naona kijana aliyejifunza vizuri somo la nyumbani kwao, kwamba ukitaka kitu kwa mtu mshike mahali penye fedha yake.

Hapa kwetu Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, hailazimishi mzazi kugawa mali yake akiwa hai. Kwa hiyo wapo wana wanaohesabu miaka ya mzee kimyakimya huku wakimletea uji, na wazee wanaojua kwamba wanahesabiwa. Si lazima kuwe na dhahabu. Ploti ya robo ekari inatosha.

Kwa nini ukumbi hunyamaza pale baba anapomlaani mwana?

Katika tendo la nne Harpagon anamnyima Cléante urithi, anamkana, na mwisho anamtupia laana. Cléante anamjibu kwamba hana haja na zawadi zake. Kwa asili ni mzaha: mtu huyu hajawahi kutoa chochote, na kitu cha kwanza anachotoa bure ni laana. Lakini kwa watu wetu laana ya mzazi haina mzaha, na mwigizaji wetu wa Cléante alikataa kwa wiki nzima kulitamka jibu lile akiwa ametazama uso wa mwenzake mwenye umri wa baba yake. Hatimaye analisema akiwa amempa mgongo. Baadhi ya watu hucheka, wengine hushika midomo, nami nimeamua kuziacha sauti zote mbili zisikike.

Basi kwa nini iitwe futuhi, yaani mchezo wa kuchekesha?

Kwa sababu Harpagon hana uwezo wa kuona kinachotuumiza sisi. Kasha linapoibwa, katika uzungumzinafsia maarufu wa mwisho wa tendo la nne, anaushika mkono wake mwenyewe akidhani amemkamata mwizi, anazililia fedha kama anayemlilia rafiki aliyezikwa, anataka kila mtu ateswe hadi akiri, wakiwemo mwana wake na binti yake, kisha anawageukia watazamaji na kuwauliza nani kati yao anamficha mwizi. Tunacheka kwa kuwa tumeshtakiwa. Bwana mmoja wa safu ya mbele alijikuta akiinua mikono kuonyesha haina kitu.

Molière aliichukua mbegu ya hadithi kwa Plautus, mwandishi wa Roma ya kale, ambaye bahili wake Euclio ni maskini aliyeokota chungu cha dhahabu, tena ana binti pekee. Molière alimfanya mtu wake kuwa tajiri na kumpa mwana wa kiume, na kwa mabadiliko hayo mawili fedha ikaacha kuwa bahati iliyomchanganya fukara, ikawa desturi ya nyumba.

Mwanafunzi akitakiwa kueleza athari za tamaa kwa familia, aanzie wapi?

Aanzie kwenye matendo, asianze na orodha ya sifa. Akiandika kwamba Harpagon ni "mwenye tamaa, katili, mwenye shaka", hajasema kitu. Akieleza kwamba baba alikubali kifo cha baba wa mtu mwingine kuwa dhamana kisha akajikuta ndiye, mtahini ataweka kalamu chini asome vizuri.

Je, Harpagon anabadilika mwishoni?

Habadiliki. Cléante anampa achague kati ya kumwachia Mariane na kulikosa kasha, naye swali lake la kwanza ni kama kuna kilichotolewa ndani. Muda mfupi kabla ya hapo inabainika kwamba Anselme ni baba mzazi wa Valère na Mariane, waliopoteana naye baharini miaka kumi na sita nyuma, na watu hawa watatu wanakumbatiana huku Harpagon akimdai Anselme, kama baba wa Valère, alipe ekyu 10,000 zilizoibwa. Anakubali ndoa zote mbili kwa masharti kwamba Anselme alipie gharama zake, amshonee yeye Harpagon suti mpya ya kuvaa harusini, na amlipe afisa wa polisi aliyeitwa kuandika mashtaka.

Mnaigizaje mwisho huo?

Familia mpya inatoka kwa upande wa kulia, kwenda kumpa habari mama yake Mariane. Harpagon anatoka kwa upande wa kushoto, kwenda kuliona kasha. Maandishi hayatuambii kama watoto wanamwangalia anapoondoka. Élise wetu humwangalia. Hatukumwelekeza hivyo, alianza mwenyewe katika mazoezi ya tatu, na taa huzimwa akiwa bado amegeuza shingo.